Kinu cha Singo

Kiswahili kina jozi ya vitenzi ambayo mgeni wa lugha huikosea kwa miaka, ilhali mtoto wa pwani haikosei hata mara moja: kunuka na kunukia. Kinachonuka huchukiza, kinachonukia hupendeza, na kinachovitenganisha viwili hivyo ni kiambishi kimoja kidogo, kile kile kinachogeuza kupika kuwa kupikia na kuleta kuwa kuletea. Ni kiambishi cha kumtendea mtu. Kitu kilichooza jalalani usiku wa manane kitanuka hata pasipite mtu. Lakini ua hunukia kwa kuwa lamnukia mtu. Mwanasarufi yumkini atasema kwamba huo ni usadifu tu wa lugha, wala hapana haja ya kubishana naye. Hata hivyo, anayetaka kuitazama historia ya manukato na mapambo ya pwani na visiwa vyake atafanya vyema kuanzia hapo, kwa sababu karibu kila kilichotwangwa, kilichosagwa na kilichofukizwa katika nyumba za Waswahili kwa karne nyingi kilifanywa na mtu kwa ajili ya mtu mwingine: bibi kwa bwana, mwenyeji kwa mgeni, somo kwa mwari, na mwisho wa safari, walio hai kwa maiti wao.

Kitenzi cha pili ni kusinga, yaani kuupaka mwili vitu vya kunukia na kuusugua mpaka ngozi ilainike na taka itoke. Kinachosingiwa ndicho singo. Huko Unguja na Pemba singo hutwangwa kwa mawaridi, asumini, mrehani, kilua na langilangi, pakatiwa liwa, karafuu na manjano, kisha ikarowekwa kwa marashi mpaka ikawa donge laini. Nusu ya vitu hivyo hutoka uani, na nusu hutoka katika makopo yale yale ya viungo vya pilau. Kinu hakiwi kile cha vitunguu thomu, na hilo halihitaji maelezo. Bali mkono ni ule ule, na elimu ni ile ile ya mpishi: kujua lini kitu kimeiva, lini kimepita, na kipi kikizidi humeza vyenzake. Karafuu ikizidi katika singo huwasha. Manjano yakizidi humwacha bi harusi na rangi ya mgonjwa wa safura. Vipimo vyake ni vya jikoni pia, konzi na chopa na kibaba, navyo havikuandikwa popote, kwa sababu konzi ya nani na chopa ya nani ni jambo lililojulikana kwa kuwapo, si kwa kusoma.

Msingi wa yote ni nazi. Nazi pevu hukunwa juu ya mbuzi, ikakamuliwa tui kwa kifumbu, na tui zito likabandikwa motoni. Likichemka polepole maji hupungua, mafuta hupanda juu, na makapi yakaganda chini yakawa rangi ya kahawia. Hapo ndipo pa kuepua, maana dakika chache mbele mafuta hushika harufu ya kuungua isiyotoka tena. Mafuta hayo, yakiwa bado vuguvugu, yalitiwa maua ya langilangi au asumini yakanywa harufu yake, au punje za karafuu, au uwatu kwa ajili ya nywele. Hata chicha haikutupwa yote. Ilisuguliwa magotini na visiginoni, na iliyosalia ikawa ya kuku. Liwa nayo, mti wa msandali, haitwangwi. Husagwa kwa kusuguliwa juu ya jiwe kwa matone ya maji au marashi, mpaka uji mwembamba wa rangi ya udongo utokee, nao hupakwa usoni kwa uzuri, pajini mwa uso kwa maumivu ya kichwa, na mgongoni kwa vipele vya joto. Ndugu wa Komoro wanao uji huo huo na wanauita msindzano, na huko Komoro mwanamke hutoka nao usoni mchana kweupe, akaenda sokoni, bila ya mtu kumwona kuwa amekatizwa katika kujipamba.

Na udi. Vijiti vya udi ghali huchomwa vitupu na wenye uwezo. Lakini nyumba nyingi za visiwani hupika wao udi wao. Sukari huyeyushwa kwenye sufuria kama ya kashata, ikatiwa chenga za udi, marashi na mafuta ya manukato, ikakorogwa, ikaipuliwa na kukatwa vipande kabla haijagumia. Kipande kimoja juu ya kaa la moto ndani ya chetezo hutosha chumba kizima. Nguo huinamishwa juu ya moshi huo juu ya tenga, nywele hufukizwa zikiwa mbichi, na mgeni hupitishiwa chetezo akikaribia kuondoka. Hapana pahala ambapo mpaka baina ya jiko la chakula na jiko la urembo ni mwembamba kama katika sufuria ya udi. Mtoto asiyejua huweza kudhani ni halua.

Asili ya vitu hivi ni bahari. Al-Masudi, aliyeifikia pwani ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliisifu ambari ya huku. Ibn Battuta aliposhuka Mogadishu mwaka 1331 aliletewa tambuu na popoo, kisha akanyunyiziwa marashi ya Dameski, yeye na kadhi aliyempokea. Hata leo mrashi unaopitishwa katika maulidi na harusi unafanya kazi ile ile, ingawa marashi yake aghalabu yametoka kwingine, kama vile Jabal Akhdar ya Oman, ambako mawaridi hukenekwa kila msimu wa Aprili. Katika magofu ya Kilwa wachimbuaji walipata vijiti vya shaba vya kupakia wanja. Manjano ni ya Bara Hindi, na pamoja nayo yumkini ilikuja desturi ya kumpaka bi harusi, kwani Wahindi nao humpaka wao unga wa dengu na manjano. Mlangilangi ni wa mashariki ya mbali. Mnazi wenyewe ulivuka bahari. Kinu kimoja cha singo, basi, ni ramani ya Bahari ya Hindi iliyotwangwa, na kati ya vyote vilivyomo hapana kigeni zaidi kwa asili, wala kilichozoeleka zaidi, kuliko karafuu.

Karafuu zilikuwa zikiuzwa katika bahari hii tangu kale, lakini mikarafuu haikupandwa Unguja ila mwanzoni mwa karne ya 19, mbegu zake zikitoka katika visiwa vya Wafaransa kusini. Sayyid Said bin Sultan aliyafanya mashamba yake kuwa utajiri wa dola. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba kuu. Na waliopanda, waliopalilia na waliochuma katika karne hiyo walikuwa watumwa. Jambo hili hutajwa sana katika historia ya uchumi na husahauliwa kabisa katika maneno matamu yasemwayo juu ya urembo wa visiwani, kama kwamba karafuu ya kwenye gunia na karafuu ya kwenye singo zilitoka miti miwili.

Ushahidi wa nyumba za wakubwa upo na ni mzuri. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akatoroka Unguja mwaka 1866 na kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo mna maua ya asumini na ya mchungwa yaliyotawanywa juu ya nguo usiku, ambari na miski, na saa nyingi za kuoga na kujifukiza. Mtu akizuru Kidichi leo ataona hamamu aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na hatakuwa na shida ya kuamini. Lakini kitabu hicho, ambacho mwandishi wake aliutetea utumwa wa Unguja mbele ya wasomaji wa Ulaya, kina mikono mingi isiyokuwa na majina. Kuna anayechuma maua, anayeyatandaza, anayechota maji, anayekanda miguu ya bibi mpaka apate usingizi. Bibi ananukia. Nani aliyemfanya anukie, hilo kitabu kinalisema pasipo kukusudia.

Kaskazini, katika miji ya Lamu, ushahidi ni wa shairi. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake wasia. Utenzi huo umesomwa na kufundishwa kwa namna nyingi. Wako waliousifu kwa adabu zake, na wako, hasa tangu miaka ya 1980, waliouona kuwa ni mkufu wa kumfungia mwanamke. Mabishano hayo yana haki yake. Ila katika pupa ya kubishana juu ya utiifu, wasomaji wa pande zote mbili huzipita haraka beti za kati, ambamo mama anamkumbusha binti kuoga na kujisinga, kufunga nywele, kutunga asumini na kuitia kitandani, kutouacha mwili ukose harufu ya marashi na dalia, kutokoma hina kuchani wala wanja machoni na nyusini. Mshairi aliye karibu na mauti anapanga haya kwa utaratibu wa mtu anayekabidhi funguo za nyumba. Haelezi namna ya kuifanya dalia. Mwenye kusikiliza alijua, au alikuwapo nyumbani anayejua. Mtu hupata shaka kwamba huyo wa pili ndiye aliyekuwa wa kawaida zaidi.

Maana hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Elimu ya singo ilikuwa ya nani? Katika jamii ya pwani ya karne ya 19 kuonekana na kunukia vilikuwa na mipaka kama ya nguo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake ndiyo kiini cha Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, anaeleza jinsi mtumwa wa zamani asivyoruhusiwa kuvaa kama mwungwana, tangu viatu hadi kofia. Kaniki iliyotiwa nili na merikani isiyokuwa na nakshi ndizo zilizomtambulisha mjakazi kwa mbali. Lakini aliyesimama kinuni, aliyekuna nazi, aliyejua kwa pua kwamba tui sasa limekuwa mafuta, alikuwa mjakazi huyo huyo. Elimu ilikaa mikononi mwa mtu ambaye matumizi yake hayakuwa haki yake. Na jambo la ajabu zaidi ni kwamba alipotakiwa mtu wa kumfunda mtoto wa kiungwana mambo ya utu uzima, aghalabu aliitwa mwanamke wa asili ya utumwa. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyewahoji wanawake wa Mombasa katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi makungwi hao walivyozileta ngoma na mafunzo yao, mengine yakiwa na asili ya bara, mpaka ndani ya nyumba za waungwana. Binti alirithi jina la baba yake, na unyumba wake alifundishwa na mtumwa wa baba yake.

Mwezi wa Aprili mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909, jambo ambalo lenyewe linaonyesha ni uhuru wa nani uliohofiwa zaidi. Yaliyofuata yanajulikana kwa upande wa mavazi. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, amefuatilia jinsi wanawake wa Ng'ambo, wengi wao waliokuwa watumwa jana, walivyotupa kaniki na merikani wakavaa kanga za rangi, na baadaye buibui, na jinsi walivyokuwa wakibadilisha kanga mpya kwa bidii iliyowashangaza wakubwa. Kanga huhifadhika katika picha na katika daftari za forodha. Harufu haihifadhiki popote. Ndiyo sababu historia ya singo katika miaka hiyo haina makala nyingi, ingawa mantiki yake ni ile ile: mwanamke aliyesaga liwa miaka ishirini kwa ajili ya uso wa bibi alikuwa sasa na uso wake. Alichokuwa nacho cha kuanzia maisha huko Ng'ambo, mbali na mikono yake, ni elimu hiyo. Kufunda wari, kutona hina na kupamba maharusi zikawa kazi zenye ujira na, la muhimu zaidi, zenye heshima. Somo hatumwi, somo huitwa, akasubiriwa. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa sauti yake na aliyefariki Aprili 17, 2013, alikuwa kwa majirani zake kwanza somo wa unyago na mtona hina. Wageni waliomwona jukwaani Ulaya walidhani hiyo ya pili ni kazi ndogo.

Hina inastahili neno. Majani hukaushwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa, kisha unga ukakorogwa kwa ndimu au kwa chai ya rangi na kuachwa saa kadhaa. Ukali wa ndimu ndio unaoitoa rangi katika jani. Rangi nayo hushikana na ngozi na kucha, ndiyo maana haioshwi kwa sabuni bali hungojwa itoke na ngozi yenyewe. Mtonaji mzuri hujulikana kwa subira zaidi ya michoro. Hina iliyoharakishwa hutoka rangi ya chungwa, na bi harusi mwenye mikono ya rangi ya chungwa atasikia maneno mpaka fungate iishe.

Kunukia kulikuwa ni kusema, na kwa hiyo kunyamaza nako kulikuwa na utaratibu wake. Mjane aliye katika eda, miezi minne na siku kumi, hatii manukato, hatoni hina, hapaki wanja. Hapana anayehitaji kuambiwa kwamba amefiwa; akipita karibu nawe hana harufu, na ukimya huo unatosha. Na siku eda inapokwisha, wenzake humjia na maji, na udi, na nguo mpya. Maiti, kinyume chake, hatiwi katika ukimya huo. Huoshwa kwa maji yenye majani ya mkunazi, majani yale yale yaliyopondwa kwa kuoshea nywele za walio hai, na katika maji ya mwisho hutiwa kafuri. Kafuri hiyo Waswahili huiita karafuu maiti. Jina hilo ni la kutafakari: kitu hicho hakina udugu na karafuu, ni utomvu mweupe wa mti mwingine kabisa, lakini watu wa pwani walipotafuta jina la harufu ya mwisho walikwenda katika kopo la viungo.

Karne ya 20 ilileta poda, briliantini, sabuni za kunukia zenye karatasi na mafuta ya chupa kutoka Ulaya na Bombay, na hapana haja ya kuyalalamikia yote. Mwanamke aliyetoka shamba jioni alikuwa na haki ya kununua kilichokwisha kutengenezwa. Singo ikasogea, kutoka katika mambo ya kila wiki ikawa ya harusi na sikukuu. Lakini kati ya bidhaa hizo zilikuwamo krimu za kung'arisha ngozi, na hizo ndizo zilizogeuza mkondo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Dar es Salaam Januari 1969, na krimu hizo zilikuwa katika orodha ya vilivyopigwa marufuku, pamoja na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Vijana waliozunguka mitaani wakiwafukuza wasichana kwa ajili ya sketi walitenda ubaya usiotetewa. Ila kulichanganya suala la krimu na la sketi kulikuwa na dhara lake la pili: sumu ikahesabiwa kuwa suala la adabu. Ilipofifia hamasa ya adabu, sumu ilirudi.

Na iliporudi ilipewa jina la jikoni. Mkorogo ni neno la Kiswahili safi, mtoto wa koroga, na kinachokorogwa ni krimu hii na krimu ile, pamoja na chochote ambacho muuzaji au shoga amekipendekeza, ndani ya bakuli, nyumbani, bila ya kipimo. Kwa sura ya nje ni singo: wanawake wawili watatu, bakuli, kijiko, siri ya kupeana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha madoa meusi mazito kuliko rangi aliyoikimbia mtu. Steroidi huipunguza ngozi unene mpaka mishipa ionekane na jeraha dogo likatae kupona. Zebaki, iliyomo katika baadhi ya sabuni na krimu kwa sababu huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, hupita ndani ya mwili na kuharibu figo, na mama huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Tanzania ilipitisha sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003 na Zanzibar ikapitisha yake mwaka 2006; Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza katika mataifa vipodozi vyenye zebaki ya zaidi ya sehemu moja katika milioni. Makontena yamekamatwa na kuteketezwa mara nyingi. Bakuli la mkorogo haliwezi kukamatwa bandarini, kwa sababu hukorogwa chumbani.

Ni rahisi kusema kwamba hapo zamani hapakuwa na maradhi hayo, na makala nyingi za kusifu mila husema hivyo. Si kweli. Mwari aliwekwa ndani majuma mengi asipigwe na jua, akasingwa kwa manjano kila siku, na mojawapo ya sababu ilikuwa ni weupe. Weupe ulikuwa alama ya mwungwana, maana yake mtu asiyelima juani, na katika nchi ya mashamba ya karafuu hilo halikuwa suala la macho tu. Mkorogo haukuzuka katika duka la krimu. Tamaa yake ilikuwa imekwisha kukaa ndani ya nyumba, karibu na kinu. Tofauti ni kwamba singo iliahidi harufu na ulaini na ikatoa harufu na ulaini, na weupe ikauacha uwe matokeo ya kivuli, ambayo bi harusi akishatoka nje hurudi yalikotoka. Mkorogo umeitwaa ile tamaa moja na kuyatupa mengine yote. Wala haumnukii mtu. Mwenye kuutumia hujificha nao.

Wala si kweli kwamba cha jikoni au cha mila hakidhuru. Wanja wa manga ulio halisi ni unga wa madini yenye risasi, na risasi hiyo ni hatari kwa watoto wachanga ambao desturi huwapaka machoni na katika paji la uso; wanja wa masizi ya taa, uliodharauliwa kwa kuwa ni wa kimaskini, ulikuwa salama zaidi. Ndimu iliyopakwa usoni ikapigwa na jua la saa sita huunguza ngozi na kuacha baka la miezi. Piko inayopakwa leo mikononi mwa maharusi na mwa watalii ufukweni, ili mchoro uwe mweusi tii kwa nusu saa, si hina hata kidogo bali ni rangi ya nywele, na kemikali iliyomo imewatia watu malengelenge na makovu yenye umbo la maua waliyochorwa. Masomo wa zamani walijua kukataa. Walijaribu kwanza nyuma ya sikio au mkononi, wakangoja siku ya pili. Walijua nani hapakwi karafuu na nani hafukizwi udi kwa kuwa ana pumu. Sehemu hiyo ya elimu ndiyo inayopotea kwa wepesi zaidi, kwa kuwa mapishi hupokewa kwa hamu na makatazo husikilizwa kwa sikio moja.

Hali ya sasa ina mchanganyiko wa mambo. Singo imerudi kwa mlango wa utalii. Hupakwa wageni katika hoteli za mashariki na kaskazini ya Unguja kwa bei ambayo mtwangaji wake hawezi kuilipa. Wanawake wa Paje na vijiji jirani, walioanza kulima mwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wameuchanganya na mafuta ya nazi na karafuu wakapata sabuni, na sabuni kadhaa huwaingizia zaidi ya gunia la mwani mkavu. Liwa imekuwa adimu. Msandali wa Afrika Mashariki, unaokatwa na kung'olewa mpaka mizizi kwa ajili ya viwanda vya mafuta ya ng'ambo, uliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake hudhibitiwa, na vinavyouzwa sokoni kwa jina la liwa vingine ni vijiti vya mti wowote vilivyotiwa mafuta ya kunukia. Mnunuzi mjuzi husugua kwanza jiweni: liwa ya kweli hunukia zaidi ikisuguliwa, ya uongo huishiwa.

Madukani Darajani na Mji Mkongwe huuzwa pia singo kavu katika vifuko, imeandikwa gramu zake na viungo vyake. Pengine ndiyo mara ya kwanza kwa konzi ya mtu kupimwa kwa mizani. Orodha huwa na karafuu, liwa, manjano, mdalasini, petali za mawaridi. Asumini haimo. Ua hilo hufunguka jioni, na likikaushwa harufu yake huondoka isirudi, kwa hiyo halikubali kifuko wala rafu. Na anayelitaka ndani ya singo yake hana budi kulichuma magharibi, akawa na kinu tayari, na mtu wa kutwanga, na mtu wa kutwangiwa.